Mlango wa kijani wa jirani yangu: uzuri uko kwenye mbao au kwenye macho?

#1 PatasiLangoni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi nakshi hapa Langoni, Lamu. Si fundi mkuu, huu ni mwaka wa tisa niko kwenye karakana ya watu. Mtaani kwetu kuna mzee mmoja ana mlango wa zamani, nakshi yake ya Kisiyu, yaani ya mji wa Siyu kisiwani Pate, ile ya kuchimba mistari na maduara kwa ncha, si ya maua yaliyotuna. Kila mwaka, siku kumi hivi kabla ya Idi, mzee hutoa kopo lake la rangi ya mafuta, kijani kinachong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua, akaupaka mlango mzima. Mfaa (ule mti wa katikati), miimo, kizingiti, hata komeo halisalimiki. Kaanza kabla sijazaliwa. Rangi imejaa kwenye nakshi mpaka maduara mengine huyaoni tena, wayasikia kwa kidole tu.

Watalii hupita, hupiga picha, kisha hutikisa vichwa. Mmoja nilimsikia akimwambia mwenzake kuwa ni dhambi kuupaka mlango kama ule. Na mimi, niseme kweli, moyoni nilikuwa upande wake.

Mwaka juzi akaja karakana mtu aliyenunua nyumba Shela, kijiji cha hapa karibu. Kwenye simu ana picha ya mlango wa mzee, pale chini ambapo rangi imebambuka na mbao inachungulia. Ataka mlango kama ule lakini wa mbao tupu. Tukakubaliana. Mbambakofi, wiki sita za kuchonga, na kwa mara ya kwanza nikapewa mfaa peke yangu. Mfaa ule hata leo naweza kuuchora nimefumba macho.

Siku ya kuja kuuona aliuzunguka, akaupapasa, akasema ni mzuri sana. Kisha akasema tatizo umekaa upya upya. Akataka tuupige kwa mnyororo, tuusugue kwa msasa mpaka makali ya mistari yafe, halafu tuuache nje ule jua na chumvi hadi uwe wa kijivu. Kazi hiyo ya kuharibu aliilipia juu ya bei. Fundi mkuu alinikabidhi mnyororo mimi, akatoka kwenda kuswali alasiri, na siku hiyo alichelewa kurudi kuliko kawaida yake.

Sasa swali. Mzee aona uzuri kwenye kijani. Mgeni auona kwenye uchakavu. Mimi nauona kwenye mstari uliotoka kwenye patasi asubuhi ile ile. Kuna anayekosea kati yetu? Au kila mtu na macho yake, hakuna la kubishana?

#2 Kengeza

Ukipenda, chongo huita kengeza. Wahenga walishamaliza. Uzi ufungwe.

#3 MwalimuMstaafu

Usifungwe, bwana Kengeza. Wewe umejiita jina hilo na methali yenyewe hujaisikiliza. Methali haisemi kuwa chongo limegeuka kengeza. Yasema apendaye *huita*. Yaani anayeitamka methali anajua wazi kuwa jicho moja halipo, na anajua sisi pia tunajua, ndiyo maana twacheka. Kama uzuri ungekuwa wa kila mtu na macho yake basi methali hiyo isingekuwa na utani wowote, ingekuwa taarifa tu. Wahenga hapo walikuwa wakimsema mpenzi, hawakuwa wakimtetea.

Ila swali la fundi ni gumu zaidi ya chongo na kengeza, kwa sababu hapa hakuna mpenzi kipofu. Wote watatu wana macho mazima.

#4 Kariakoo_Damu

Mkuu mlango kama huo unasimama shilingi ngapi mpaka Dar? Nauliza kwa ajili ya mlango wa mbele, nyumba iko kwenye lenta.

#5 NusuDaktari

Nasoma saikolojia, mwaka wa tatu, nyumbani ni Mokowe. Jambo hili limepimwa, tena mara nyingi, na majibu hayampi ushindi mtu yeyote.

Mwaka 1987 Judith Langlois na wenzake kule Marekani waliwaonyesha watoto wachanga picha mbili mbili za nyuso za wanawake, zilizokwisha kupangwa na watu wazima kuwa huyu anavutia na huyu havutii sana. Watoto wa miezi 6 hadi 8, na hata wa miezi 2 hadi 3, waliukodolea macho zaidi uso ule ule ambao watu wazima waliuita mzuri. Mtoto wa miezi miwili hajaona tangazo la sabuni wala hajasikia umbea wa harusini. Kwa hiyo kuna kitu tunazaliwa nacho.

Lakini mwaka 2015 ukaja uchunguzi wa mapacha: jozi 547 za mapacha wa kufanana kabisa, na jozi 214 za wasiofanana. Kila mmoja alizipima nyuso kwa upande wake. Kama ladha ya sura ingekuwa ya damu, mapacha wa kufanana wangepatana sana kuliko wale wengine. Haikuwa hivyo. Pale watu walipotofautiana, tofauti ilitokana zaidi na yale ambayo kila mtu ameyapitia peke yake: nani kakutana naye, nani kampenda, nani kamtia hofu. Mapacha waliolelewa nyumba moja, na bado kila mmoja ana macho yake.

Na si macho tu. Mwaka 2016 walichapisha utafiti wa masikio, kwa Watsimane wa Bolivia, watu wa msituni kwenye bonde la Amazoni. Walipigiwa sauti mbili zinazopatana, kisha mbili zinazogongana, zile ambazo kwenye piano ungesema mtoto kakalia vitufe. Wamarekani walizipenda zinazopatana. Watsimane walizipa zote alama sawa, na masikio yao hayana ugonjwa, wanatofautisha vizuri. Hawaoni tu kwa nini hii iwe tamu kuliko ile.

Kwa hiyo fundi, mtoto mchanga angekuwa upande mmoja na Mtsimane upande mwingine. Mlango wako hakuna aliyeupima.

#6 BintiMkomani

Mwanena mato, mato, mato. Na pua je?

Nilipoolewa shangazi yangu alinifungia ndani siku saba. Liwa asubuhi, liwa jioni, hina, piko, nguo zafukizwa udi mpaka mto wa kulalia ulikuwa na harufu yangu kabla sijaulalia. Usiku wa kutolewa nikavishwa kikuba cha asumini, mkadi na rehani. Na usiku huo huo, Mungu si Athumani, stima ikapotea Lamu nzima. Nilikuwa nimekaa kitini kama sanamu, uso umepambwa saa tatu, na giza totoro. Wanawake wakaingia na tochi za simu wakimulika chini wasijikwae, hakuna aliyenimulika mimi. Nikawasikia mlangoni, kabla hata hawajafika nilipo: "Mashallah, mashallah, bibi harusi mzuri." Shangazi akanibana mkono. Alijua atakalosikia.

Sasa niambieni uzuri ule ulikuwa kwenye jicho la nani.

Na NusuDaktari, hao mapacha wako uwaweke kando kidogo. Mimi nina binamu alikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, ana mwanya, ana shingo yenye mikunjo mitatu ambayo nyanya zetu wangeiimbia lelemama. Miaka kumi akaambiwa na kila mtu kuwa dadake mweupe ndiye mzuri. Akaanza mkorogo, vikopo visivyo na majina, vyenye zebaki na sijui nini. Leo uso una mabaka na jua la saa nne hawezi kulisimamia. Hapo mtu asiniambie kila mtu na macho yake. Macho yale si yake. Alitiwa.

#7 Kengeza

Bi Mkomani, hapo kwa pua nimeinua mikono.

#8 MgiriamaWaMalindi

Salamu kutoka Malindi. Nyinyi Lamu mnalilia mlango uliopigwa mnyororo. Sisi huku tuna vigango.

Kwa wasiojua: kigango ni mti uliochongwa, una kichwa cha duara au kilicholala bapa, mwili una nakshi za pembetatu zilizochimbwa safu safu. Husimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wetu wa Kigiriama, aliyekufa, kwa kawaida baada ya yeye mwenyewe kuja ndotoni kulalamika kuwa ana baridi. Hausogezwi. Familia ikihama, kigango kinabaki kikilinda pale, na mwisho kinaoza, na kuoza kwake si uharibifu. Ni kazi yake imekwisha.

Nilipokuwa mdogo sikuwahi kumsikia mtu akisema kigango hiki ni kizuri au kibaya. Ulikuwa unapita kwa adabu, unanyamaza. Kisha miaka ya sabini na themanini wakatokea watu waliokiona kuwa *kizuri*. Wakakilipia. Vijana wetu wasio na kazi wakaving'oa usiku kwenye makaya, misitu yetu mitakatifu, na maboma ya watu, vikapelekwa madukani, vikapanda ndege, vikaishia kwenye kuta za matajiri wa Marekani na kwenye majumba ya makumbusho. Vinamulikwa taa vizuri kabisa, chini kumeandikwa sanaa ya Afrika Mashariki. Babu ya mtu amesimamishwa sebuleni pembeni ya kochi. Denver Museum of Nature & Science waliamua kurudisha 30 mwaka 2014, na wengine pia wamerudisha kidogo kidogo, lakini vingi havina anayejua vilitoka boma gani.

Hoja yangu: yule mnunuzi hakukosea. Vigango ni vizuri kweli, nimekuja kuviona hivyo ukubwani, mistari ile ina hesabu yake. Lakini uzuri aliouona ndio ulioviangamiza. Angeviona vibaya vingekuwepo.

#9 Boriti

Ndugu wa Malindi umesema kweli nusu. Nusu nyingine ni kuwa nasi tumefanya hayo hayo. Nenda Mambrui, hapo hapo kwenu, ukaangalie kaburi la mnara. Wazee walilipamba kwa bakuli za kauri kutoka China, wakazipachika kwenye chokaa. Bakuli! Kitu ambacho Mchina alikifinyanga alie wali. Mchina angepita hapo angeshangaa kama wewe unavyoshangaa kuhusu sebule ya Marekani. Wazee wetu hawakumuuliza. Waliona buluu ile juu ya weupe, wakasema hii ni ya kumkalisha naye maiti milele. Na Lamu zidaka za ndani, vile vishimo vya ukutani, zilijazwa sahani hizo hizo, na hazikuwa za kulia.

Tofauti ni kwamba wale walinunua bandarini, hawakung'oa kwa watu usiku. Kosa ni la wizi, si la jicho.

Halafu mwenye uzi, unatafuta nani kakosea, mimi nakuambia tafuta nani kalipa. Mwenye nyumba Shela ana pesa, kwa hiyo uchakavu ni uzuri. Serikali nayo ina jicho lake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaulinda mlango uliochongwa kabla ya mwaka 1946. Wa 1945 ni urithi wa taifa. Wa 1947 ni mbao. Fundi yule yule, patasi ile ile, mti pengine uliotoka shina moja.

#10 Kariakoo_Damu

Kwa hiyo wa 1947 ni bei rahisi?

#11 MwalimuMstaafu

Boriti, fedha zaeleza kwa nini mlango ulipigwa mnyororo. Hazielezi kwa nini fundi aliumia kuupiga. Yeye hakununua kitu pale.

Nitatoa kisa, na mtanisamehe kuwa ni cha mvinyo. Mskoti mmoja, mwanafalsafa David Hume, alilikabili swali hili mwaka 1757, na akakichukua kisa kutoka kwa Wahispania. Ndugu wawili waliosifika kwa ulimi wao waliitwa waonje pipa. Wa kwanza akasema ni mzuri, isipokuwa una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, isipokuwa una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini kukaonekana ufunguo wa zamani umefungwa ukanda wa ngozi.

Maana yake si kwamba kila mtu na ulimi wake. Kulikuwa na kitu pipani. Ila ndimi nyingi hazikukifikia, na hao wawili kila mmoja alifikia nusu.

#12 PatasiLangoni

Maalim, kisa hicho nimekiishi.

Fundi mkuu hakagui kazi mchana. Husubiri jua la jioni, lile linalolala, anaugeuza ubao mpaka mwanga upite juu ya nakshi kwa ubavu. Mchana nakshi zote ni nzuri. Jua likilala, kila mtaro unatia kivuli chake na uongo wote unatoka. Baada ya hapo anapitisha kidole gumba polepole ndani ya mstari huku anaangalia pengine kabisa, mara nyingi anaongea na mtu barabarani.

Mwaka wangu wa pili alipitisha kidole kwenye kazi yangu akasema: "Hapa patasi ilikuwa imekufa makali ukaona uvivu kunoa. Na hapa ulishaanza kungojea adhana." Ilikuwa Ramadhani. Sehemu ya pili nilikuwa nimeichonga saa kumi na mbili kasoro. Sikuwa nimemwambia.

Kwa hiyo kuna kitu kwenye mbao, hilo siwezi kulikana hata mkinipa hoja mia.

#13 Boriti

Sawa. Kidole cha mzee kinajua mtaro ulionyooka na uliotetemeka. Lakini hicho ni kipimo cha ufundi. Bado hujaniambia kwa nini kijani ni kibaya. Mlango unaweza kuwa na mitaro safi kabisa na ukapakwa kijani, ukabaki na mitaro safi chini ya kijani. Kidole hakitakusaidia hapo.

#14 NusuDaktari

Boriti +1. Na swali dogo kwa mwenye uzi: kuna mtu aliyewahi kumuuliza mzee?

#15 PatasiLangoni

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya swali la NusuDaktari. Nimekaa mtaa mmoja na mlango huo maisha yangu yote na sijawahi kumuuliza.

Jana baada ya isha nilimkuta barazani. Nikamwamkia, nikakaa, tukazungumza habari za bei ya samaki, mwisho nikamwambia, Ami, mbona wapenda kijani? Akaniangalia kama aliyeulizwa mbona wapenda maji. Akasema kijani hakipendi hata kidogo. Kijani ndiyo rangi aliyoikuta kwa babake na ndiyo iliyopo dukani. Ingekuwa buluu angepaka buluu. Anachokipenda ni *kupaka*.

Nikamwambia kuna wageni waona mlango ungependeza ukiwa mbao kavu. Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka. Alikulia Pate, akiwa mtoto akichunga mbuzi kwenye magofu, na alipofika mjini hapa jambo la kwanza alilolitazama ni milango. "Mlango mkavu," akasema, "ni wa nyumba isiyo na mtu." Mlango wa mwenyewe unameremeta, kwa sababu yuko wa kuumeremetesha. Kabla ya Idi akiona mwenzake hajapaka, humpelekea mtu kuuliza kama ni mgonjwa.

Kwa hiyo ule ukijivu ambao mgeni aliulipia kwa mnyororo, mzee angeuona angesema innalillahi. Na nikakumbuka kitu kilichonifanya nikae kimya pale barazani: ile nyumba ya Shela, mwenyewe huja mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza. Miezi mingine yote imefungwa.

#16 MwalimuMstaafu

Mzee wako ameusoma mlango kama alivyousoma Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mji wa Pate kwenye utenzi wake *Al-Inkishafi*. Zidaka zilizokuwa za sahani za kauri, leo ni viota vya ndege. Hakuna mtu wa Pate ambaye angeliona gofu akasema limekaa vizuri. Hilo lataka uwe umetoka mbali.

#17 BintiMkomani

Ama ukae mbali miezi kumi.

#18 PatasiLangoni

Nina la mwisho, na ni ombi.

Mzee amekubali nimsafishie mlango kabla hajapaka mwaka huu, kwa masharti mawili: usikae wazi zaidi ya siku tano, na nisimlete mtu na kamera. Nimeanza juzi na kipande cha mwimo wa kushoto. Nalainisha rangi kwa dawa, kisha naitoa kwenye mtaro kwa kijiti cha mkoko nilichokichonga ncha, maana chuma kingeikwaruza mbao. Kijani kinatoka matabaka matabaka kama kitunguu. Chini ya kijani kuna kijani kilichokolea zaidi, chini yake buluu, chini yake kitu kama kahawia.

Na chini ya vyote, ndani kabisa ya mitaro, kuna wekundu. Si doa. Umejazwa kwa makusudi, umefuata mstari, na kwenye duara la kati mtaro mmoja mwekundu na mwingine mweusi, kwa zamu. Fundi wa kwanza hakuuacha mbao tupu hata siku moja. Aliuchonga *ili* aupake.

Nilimwita mzee aje aone. Alichukua miwani, akainama, akapitisha kidole. Akasema mwaka huu kijani kikae nje ya mitaro tu.

Sasa mwenye kujua wekundu ule wa zamani ulitengenezwa kwa kitu gani, hasa watu wa Siyu na Faza mlio humu, naomba aniambie. Wa dukani nimejaribu pembeni, unang'aa sana na hauingii mtaroni, unakaa juu. Siku tano zinaisha Alhamisi.

Kariakoo_Damu, nitumie vipimo vya mlango wako faraghani. Na useme mapema kama wautaka mpya au uliokwisha kupigwa.